Mshipi wa Baba Lynn

Vipande vilikuwa saba. Murugi alivikuta Jumatatu asubuhi ndani ya mfuko wa koti la mumewe, lile la kijivu la harusi na mazishi, alipokuwa akilipekua kabla ya kulitia kwenye beseni. Vilikuwa vimefungwa kwa karatasi ya shashi iliyolowa mafuta. Kwanza alidhani ni tumbaku, maana hata mke wa ndoa ya miaka thelathini hajui kila kitu. Alipofungua aliona nyama ya mbuzi iliyotafunwa mpaka ikapauka ikabaki nyuzi, kisha ikatolewa mdomoni bila kumezwa.

Aliketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yao pale Skuta, Nyeri, karatasi mkononi, maji ya sabuni yakimpoea. Koti lilivaliwa juzi tu, Jumamosi, siku wazee wa Embu walipokuja rasmi kumposa binti yao Lynn kwa ajili ya kijana wao Muchangi. Mbuzi wawili walichomwa. Theuri, kwa kuwa ndiye baba wa msichana, aliketi mbele, akakatiwa nyama kabla ya wengine, sahani ikajazwa mara mbili na mara mbili ikarudi tupu. Murugi aliona sahani hizo kwa macho yake na akafurahi. Kumbe nyama ilipanda mdomoni, ikatembea humo kidogo, kisha ikashuka mfukoni.

Na Theuri hakuwa mtu wa kutupa nyama, hilo ni lazima lisemwe. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akinunua mbuzi mnadani Doldol na kuwaleta kwa wenye bucha wa Nyeri, na hakuna siku aliyorudi bila kupitia kwenye choma. Wafanyabiashara wenzake walimwita Mbavu. Mtu wa namna hiyo akianza kuficha nyama, mkewe ana haki ya kuacha nguo zilowe.

Alimkuta sebuleni na kikombe. Chai ya Theuri ilikuwa kisa cha peke yake: lazima imiminwe ikiwa bado inatokota, na aimalize kabla mtu mwingine hajathubutu kugusa kikombe chake. Siku hizi ndiyo ilikuwa kifungua kinywa chake chote.

"Baba Lynn, hii ni nini?"

Theuri aliangalia karatasi, akaangalia dirisha. "Si ni nyama."

"Najua ni nyama. Inafanya nini kwa koti?"

"Ilikuwa ngumu. Hao watu walituchinjia babu ya mbuzi."

"Hao mbuzi ni wewe uliwanunulia! Walikutumia pesa, ukaenda Doldol, ukarudi ukituambia ni laini hata mtu hana meno atakula."

Theuri aliweka kikombe chini. Alipangusa mdomo. "Ni hizi ulcers, Mama Lynn. Zimenisumbua kidogo. Kinyua amenipatia dawa ingine."

Kinyua alikuwa na duka la dawa karibu na kituo cha maji, na kwake kila kitu kati ya shingo na kitovu kilikuwa ulcers. "Kinyua amekupatia dawa tangu Pasaka," Murugi alisema. "Na saa hii tunaingia Oktoba."

"Basi si nimesema amenipatia ingine?"

Akainuka ili maneno yaishe. Suruali ikashuka naye akaidaka, akakaza mshipi. Ulikuwa mshipi mpana wa ngozi ya ng'ombe, alioshonewa na fundi wa Doldol mwaka ambao Lynn alizaliwa. Zamani ncha yake ilitokeza kidogo tu baada ya chuma cha kufungia. Sasa ilizunguka ubavu na kuning'inia nyuma.

"Huu mkia nitapelekea fundi wa viatu aukate," alisema alipoona anaangaliwa. "Unanishika kwa mlango."

Alipokwenda kuoga, Murugi aliuchukua mshipi kwenye kiti. Matundu matano yalikuwa ya zamani, kingo zake zimelainika. Baada yake kulikuwa na mengine manne, meusi, yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Manne. Alikuwa ameyatoboa moja moja, siku moja moja, bila kumwambia mtu, akauvaa na kwenda kazini.

Murugi aliurudisha kwenye kiti kama ulivyokuwa.

*

Siku hiyo kazini hakusikia alichoambiwa. Alikuwa mpishi wa hoteli moja ndogo karibu na soko, na watu walitoka mbali kufuata mukimo wake: viazi, mahindi, majani ya malenge, vyote vikipondwa kwa mwiko mpaka vikawa kitu kimoja kijani kinachong'aa. Mkono wake ulikuwa na sifa. Na huo mkono, alitambua akiwa ameinama juu ya sufuria, ndio uliomficha mumewe.

Wakati wa Pasaka Theuri alimwambia githeri yake ya mahindi na maharagwe imemkwama, amsaidie kuiponda kidogo. Akaiponda. Mwezi wa tano akamwomba atoe mahindi, maganda yanamkwaruza. Akatoa. Mwezi wa saba akaomba supu iongezwe, na wa nane Murugi mwenyewe, bila kuombwa, alianza kumpikia malenge na viazi kwa maziwa kama mtoto anayeachishwa kunyonya. Na alijivuna! Aliwaambia wanawake wa kikundi cha kanisa kwamba mume wake hali nje, anangoja mkono wa nyumbani. Koo lilikuwa likifunga mlango pole pole, na kila lilipofunga kidogo, yeye aliongeza nguvu kwenye mwiko. Miezi sita hakuna aliyeona kwamba Theuri hawezi kumeza, kwa sababu hakuna aliyempa kitu cha kumeza.

Simu ililia. Lynn, aliyekuwa akifanya kazi kwenye hoteli ya watalii Nanyuki, hakuanza hata na salamu.

"Mum, dadi alifanya nini Saturday?"

"Kwani alifanya nini?"

"Muchangi ameniambia wazee wao wameudhika vibaya. Ati kuna mwenye alimwona akitoa nyama kwa mdomo anaweka kwa mfuko. Wanasema ametema nyama yao. Mum, kwao hiyo ni kusema hatuwataki."

Murugi alitafuta uongo wa haraka. "Waambie alikuwa anabebea mbwa."

"Mum, walikuja kwetu. Waliona hatuna mbwa." Lynn alishusha sauti. "Babake Muchangi anauliza kama bado kuna haja ya kuja Disemba. Niambie ukweli. Kuna shida?"

Murugi alipunguza moto chini ya sufuria. "Hakuna shida. Nitaongea na baba yako," alisema, akakata simu, akajichukia.

*

Jumapili, baada ya ibada, alipika githeri. Hakuiponda. Aliichemsha mpaka ikaiva vizuri, akaikaanga na kitunguu na nyanya, akapakua sahani mbili, mahindi mazima na maharagwe mazima, akaziweka mezani.

Theuri aliangalia sahani yake. "Umesahau."

"Sijasahau."

"Mama Lynn."

"Kula, Baba Lynn. Ni githeri. Umekula githeri tangu uzaliwe."

Alikuwa na kiburi cha wanaume wa soko la mbuzi, wasiokubali kushindwa watu wakiangalia. Akachota kijiko. Akatafuna muda mrefu, macho mezani, akameza. Murugi aliona koo likipanda, likishuka, kisha kila kitu kikasimama. Mkono wa Theuri ulikwenda kifuani. Akachukua maji, maji yakagoma, yakarudi puani. Akainuka, akagonga kiti, akafika kwenye sinki na kuinama hapo, mgongo umempa mkewe, mabega yakiruka. Murugi alimfuata, akamshika kiuno ili asianguke, na mikono yake ikaona mifupa ambayo macho yalikuwa yamekataa kuiona.

Aliporudi kuketi macho yake yalikuwa mekundu. "Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Kwa sababu ile ingine nimekufanyia miezi sita."

Redio ya jirani ilikuwa ikiimba nyimbo za kusifu.

"Unajua ni nini," Theuri alisema mwishowe. "Si unajua? Gatimu alianza hivi hivi." Gatimu alikuwa mwenzake wa biashara, waliyemzika mwaka juzi. "Akaenda hosipitari wakamkata. Alikaa wiki mbili tu."

"Gatimu alienda akiwa anakunywa maji na kijiko! Alienda akibebwa! Wewe unatembea. Unaenda Doldol. Hiyo ndiyo tofauti, na sitaki iishe nikiwa hapa nakupondea malenge."

Murugi alikuwa akilia bila kujificha. Theuri hakuwa amemwona akilia hivyo tangu walipomzika mama yake, na kilichomshinda ni hicho zaidi ya maneno.

"Sawa. Tutaenda," alisema. "Lakini watu wa Embu wasijue. Mahari hatujamaliza kuongea. Wakisikia niko hosipitari, kila mbuzi nikitaja watasema ni bili nawatafutia. Watasema nauza mtoto ndio nipone."

Murugi alikubali. Lilikuwa kosa la pili, naye alijua wakati ule ule kwamba ni kosa, lakini alihofia kwamba akibishana hata kidogo Theuri atabadili nia.

*

Mhudumu wa kliniki alikuwa kijana mwenye adabu na foleni ya watu arobaini mlangoni. Hakuinua macho kwenye karatasi.

"Shida ni nini, mzee?"

"Ni ulcers kidogo tu," Theuri alisema, sauti ya mtu anayepita njia.

Kalamu ikaanza kwenda. Murugi, aliyekuwa amepewa kiti cha pembeni, aliiona ikiandika jina la dawa zile zile za Kinyua.

"Daktari, samahani. Chakula kinakwama."

"Ulcers zinaweza leta hiyo, mama. Anywe hizi mwezi mmoja, apunguze pilipili, arudi."

"Amekunywa hizo miezi sita."

"Labda hakuwa anakunywa vizuri." Kijana alirarua karatasi na kuwanyooshea. "Anayefuata!"

Theuri aliipokea karatasi haraka kama mtu aliyesamehewa, akaanza kuinuka. Hapo ndipo Murugi alipofanya jambo ambalo baadaye lilimwandama kwa aibu mpaka nyumbani, ingawa hakulijutia hata dakika moja.

"Baba Lynn, toa mshipi."

"Nini?"

"Toa mshipi umpatie daktari."

Mwanamke aliyekuwa amekwisha kuingiza kichwa mlangoni alicheka. Theuri alimwangalia mkewe, akaona hatanii, na pengine alikuwa amechoka kubeba siri ile peke yake. Akaufungua. Akasimama katikati ya chumba ameshika suruali kwa mikono miwili, mzee wa miaka hamsini na tisa, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Murugi aliulaza mshipi juu ya vitabu vya kijana. "Hizi shimo tano ni za fundi. Hapa ndio alikuwa anafungia Krisimasi. Hii nyeusi, hii, hii, na hii, ametoboa mwenyewe na msumari. Hakuwa anafunga kula. Hakuwa anakimbia asubuhi. Hawezi meza githeri, hawezi meza nyama, hata maji Jumapili yalimrudia kwa pua. Sitoki hapa na dawa ya ulcers, daktari. Utaita askari anitoe."

Kijana aliangalia mshipi. Akapitisha kidole kwenye matundu meusi moja baada ya jingine. Kisha akasimama, akamwomba yule mwanamke afunge mlango, akampandisha Theuri kwenye mizani na kusoma namba mara mbili.

"Mzee, ulikuwa kilo ngapi?"

"Sabini na nane. Walinipima mwaka jana kwa kampeni ya sukari."

"Saa hii uko sitini na moja." Alichukua ile karatasi ya dawa mkononi mwa Theuri na kuikunja. "Pole, mama. Ningeuliza mapema. Anahitaji kupitishwa kamera kwa koo, na haraka." Aliandika barua nyingine, na neno haraka akalipigia mistari miwili chini.

Mistari ile haikumtisha karani wa hospitali kubwa. Alifungua kitabu, akalamba kidole, akafunua kurasa. "Kamera ni Februari."

"Mtu hamezi. Atangojaje Februari?"

"Kuna laini, mama. Wote hawamezi."

"Sikatai laini. Nauliza, kuna wenye hukosa kukuja siku yao?"

Karani alifikiri. "Hukosa. Lakini mtu lazima awe hapa saa hiyo, na hajakula kitu."

Basi wakawa hapo. Murugi alibadilishana zamu na mpishi mwenzake, na kila asubuhi saa moja waliketi kwenye benchi lile la mbao, Theuri na koti lake la kijivu, tumbo tupu, hata chai yake hajaionja, wakisubiri mtu fulani wasiyemjua asitokee. Ni kitu kibaya kumwombea mwenzako akwame njiani, na Murugi alikiombea. Siku ya kwanza wote walikuja. Ya pili, wote. Theuri alirudi nyumbani kila siku saa saba, kijivu kuliko koti, akisema kesho haendi, na kesho yake akaenda. Siku ya tano, karani alitoa kichwa dirishani na kumtafuta Murugi kwa macho kabla hata hajaita jina.

*

Daktari wa kamera aliitwa Gaceri, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa ameona kitu siku ile ile, akakata kijipande kipelekwe maabara, na hakuwaficha kwamba hakupenda alichokiona. Ikafuata picha ya kifua na tumbo, na wiki mbili za kungoja ambazo Murugi angependa zisahaulike. Kila simu ilimkata maini. Alichoma mukimo mara mbili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu hoteli ifunguliwe. Lynn alipiga, akaambiwa baba yuko Doldol.

Siku ya majibu, Daktari Gaceri aliwaketisha wote wawili.

"Ni kansa," alisema. "Iko chini ya koo, karibu na mlango wa tumbo."

Theuri aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya mbuzi. Murugi alimshika mkono.

"Sasa nisikilizeni. Imeshika ukuta wa koo lakini picha haionyeshi kwamba imetoka nje yake. Inaweza kutolewa. Siwaahidi, ni upasuaji mkubwa na anaweza hitaji dawa zingine baadaye. Lakini wengi hunifikia wakati sina kitu cha kuwafanyia. Mngengoja ile Februari, singekuwa naongea hivi." Akamwangalia Theuri. "Nani alikusukuma?"

Theuri alielekeza kidevu upande wa mkewe.

"Basi umshukuru. Na hiyo chai ya moto umeniambia, hiyo imeisha leo. Nimekupatia nafasi tarehe tano Disemba."

"Tarehe tano?" Hapo ndipo Theuri aliposhtuka. "Haiwezekani. Tarehe sita ni ngurario ya msichana wangu. Watu wa Embu wanakuja na kila kitu. Tuseme Januari."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimwangalia Murugi.

Walibishana nje kwenye lile benchi, ambalo sasa Murugi alilijua kila msumari. Theuri alisema mtu aliyengoja miezi sita anaweza kungoja mwezi. Alisema ngurario ndiyo inayomfanya binti awe mke wa mtu, na baba lazima awepo na ale nyama ya wakwe hadharani, hasa baada ya mambo ya Jumamosi ile. Alisema wakiahirisha bila sababu posa imekufa, na wakitoa sababu yeye ameaibika.

"Lynn ataachwa kwa ajili yangu," alisema. "Hiyo ndiyo unataka?"

Murugi alitoa simu mkobani. Hakuna mwanamke wa kwao aliyewahi kumpigia baba mkwe mwenyewe ili kuhamisha sherehe. Mambo hayo hupitia kwa wasemaji, kwa wazee, kwa maneno ya kuzunguka. Vidole vyake vilitafuta jina la mzee Gichovi, babake Muchangi.

"Mama Lynn, weka hiyo simu."

"Nimekuficha kwa chakula, nimekuficha kwa msichana wako. Nimechoka kukuficha."

Simu ilipokelewa upande wa pili. Akaweka sauti ya nje ili Theuri asikie, kisha akasema yote kwa pumzi moja, bila maneno ya kuzunguka: nyama ya mfukoni, githeri, kamera, kansa, tarehe tano. Theuri alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Muthoniwa," Gichovi alisema hatimaye, neno la mtu kwa mkwe wake. "Mimi ndiye niliona ile nyama ikiingia kwa mfuko. Mimi mwenyewe. Nikaenda nyumbani nikasema huyo mtu ametutema."

"Mbona hukuuliza, mzee?"

"Nitauliza aje? Ni mkwe. Mtu haangalii mkwe vile anakula. Hata vile niliona, nilikuwa nimefanya makosa kuona." Alikohoa. "Na nyinyi mbona hamkusema?"

"Aliogopa mtasema bili anawatafutia."

Gichovi alikohoa tena, na Murugi akafikiri ndiyo mwisho, posa imekwenda na Lynn hatawasamehe kamwe.

"Ndugu yangu alimezwa na hicho kitu," Gichovi alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Alikuwa anasema ni mfupa wa samaki. Mwaka mzima, ati mfupa wa samaki. Na sisi tukangojea utoke. Mama, tarehe tano akatwe. Ngurario haiozi."

*

Alhamisi, siku moja kabla, Theuri alilazwa. Lynn alifika kutoka Nanyuki na kumkaripia mama yake kwa nusu saa kwa kumdanganya, kisha akamkumbatia na wote wawili wakalia mpaka muuguzi akawaomba wakae chini. Saa tisa alasiri, saa ya kuona wagonjwa, mlango wa wodi ulifunguliwa na mzee Gichovi akaingia na kofia mkononi, Muchangi nyuma yake amebeba chupa ya chai.

Theuri alijaribu kuinuka, akazuiwa. Wazee wawili walisalimiana kwa heshima zote, wakaulizana habari za mvua, za Embu, za barabara. Kisha Gichovi alimgeukia muuguzi.

"Anakubaliwa kunywa?"

"Mpaka jioni. Vitu vya maji tu."

Gichovi alifungua chupa. "Tulikuwa tulete kondoo Jumamosi. Nimemchinja jana. Hii ni supu yake. Bibi yangu ameichuja na kitambaa mara tatu." Alimimina kwenye kifuniko na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Theuri akapuliza kwa mazoea. Haikuwa na haja, ilikuwa vuguvugu. Akanywa funda moja. Kila aliyekuwa pale alisahau adabu na kuangalia koo la mkwe. Lilipanda. Likasimama. Murugi alishika chuma cha kitanda. Likashuka.

"Imepita?" Gichovi aliuliza.

"Imepita."

Akanywa la pili, na la tatu, pole pole, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Gichovi alisubiri kifuniko kirudi tupu, akakifunga kwenye chupa, akavaa kofia.

"Basi nitaenda kuambia watu wangu amekula," alisema. "Mengine tutamaliza ukitoka."

Walipoondoka, na Lynn akiwasindikiza, muuguzi alileta mfuko wa nguo za mgonjwa. Murugi alikunja koti, akakunja suruali, akauchomoa mshipi. Aliogopa, na upasuaji ulikuwa saa kumi na sita tu mbele. Aliogopa kisu, aliogopa simu itakayolia au isiyolia, aliogopa hata kugeuka, asije akamwona mumewe kwa namna ya kumuaga.

"Mama Lynn."

"Naam."

"Huo mkia wa mshipi," Theuri alisema. "Usiache fundi aukate. Nitauhitaji."

Murugi aliuzungusha mshipi kwenye kiganja, ule mkia mrefu ukiwa wa mwisho, akautia kwenye mkoba wake mwenyewe na kufunga zipu.